Ukuta Uliovuliwa Sweta

Kote kando ya mto Uruguay, kuanzia darajani hadi bandari ya zamani ya Paysandú, hakukuwa na wanawake waliojua kusimamisha ukuta kama wanawake wa Ushirika wa Sisimizi. Timazi ikining'inizwa mbele ya kazi yao, timazi ndiyo iliyoona haya. Basi, tuseme ukweli kidogo: ukuta wao wa kwanza ulimwangukia mbwa. Mbwa hakufa, ila alihamia kwa muuza nyama, na hakuna aliyemlaumu.

Lakini mtu hujifunza. Nibia Olivera, mpishi wa shule, aliingia Sisimizi akijua mwiko mmoja tu, ule wa jikoni. Sasa alikuwa na wa pili, wa chuma, na huo wa pili ndio aliouficha chini ya mto wa kulalia asije mtu akauazima. Kila Jumamosi na Jumapili, na jioni nyingine katikati, alikwenda kiwanjani na mumewe, Dardo Bentancur, kama walivyokwenda wenzao wote. Familia thelathini zilikuwa zinajenga nyumba thelathini, kwa mikono yao, kwa kusaidiana, na fundi mmoja wa kuwafundisha na kuwafokea.

Sheria ya Sisimizi ilikuwa moja kubwa: hakuna anayejua nyumba yake mpaka zote ziishe. Siku ya mwisho mawe thelathini hutiwa katika mfuko, kokoto laini za mtoni, kila moja na namba yake ya rangi. Unaingiza mkono, unatoa jiwe, na namba uliyoitoa ndiyo nyumba yako mpaka kufa. Kwa hiyo kila tofali unalilaza kana kwamba wewe ndiye utakayelala nyuma yake. Ukijenga ovyo, hujui unamkomoa nani. Aliyebuni sheria hiyo aliwapenda sana binadamu, na hakuwaamini hata kidogo.

Tena kulikuwa na sufu. Hiyo ndiyo iliyowafanya Sisimizi wavimbe vichwa. Kondoo akikatwa manyoya, sufu ya tumboni hutupwa, kwa sababu ni fupi na imejaa miiba na mavi. Sisimizi waliiomba bure. Wanawake wakaiosha kwenye mapipa, wakaichambua, wakaitia dawa ya nondo, wakaianika. Na wanaume wakaishindilia katikati ya kuta, maana kila ukuta ulikuwa wa matofali mara mbili, wenye uwazi kati. Kipupwe kikija, nyumba haitaki kuni nyingi. Jua likiwaka, ndani kuna ubaridi. Wanafunzi wa ujenzi walikuwa wakiletwa kwa basi kuja kujifunza, na watoto wa mtaa waliziita nyumba zilizovaa sweta. Nibia alikuwa amechambua sufu hiyo mpaka kucha zikamlegea.

*

Zilikuwa zimebaki siku chache tu kabla ya kura. Nibia alikuwa anapiga lipu sebule ya nyumba ya saba, upande wa kusini, ule unaopigwa na upepo wa baridi. Aliyemchanganyia saruji ni Mirta Sosa, mwenyekiti wa ushirika na shoga yake tangu walipokaa dawati moja shule ya msingi.

"Mirta, hebu nyamaza kidogo."

"Mbona sijasema kitu?"

"Ndiyo maana nimeshangaa. Lakini nyamaza."

Nibia aligonga ukuta kwa mpini wa mwiko. Akasogea, akagonga tena. Ko, ko, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ambayo wenyewe wamehama.

"Ukuta wenye sufu haujibu hivi," alisema. "Ukuta wenye sufu unajibu kama mtu aliyeshiba."

"Labda sufu imeshuka chini."

"Sufu niliyochambua mimi haishuki."

"Haya, malkia wa kondoo," alisema Mirta, na nje lori la mchanga likapiga honi, akatoka kwenda kugombana na dereva.

Nibia alichukua patasi. Alilegeza tofali moja pale ambapo lipu ilikuwa bado, akalitoa taratibu kama mtu anayemng'oa mtoto jino, akaingiza mkono mpaka kwapani. Alitegemea kukutana na ule ulaini anaoujua kwa ngozi yake. Alikutana na upepo. Upepo mtupu, na buibui mmoja aliyejipatia nyumba kabla ya wanachama wote.

Aliyejaza sufu nyumba ya saba alikuwa Dardo. Aliiomba kazi hiyo mwenyewe, akasema yeye amekata manyoya ya kondoo tangu ujana, anaijua sufu kuliko anavyomjua mkewe. Watu walicheka, naye Nibia alicheka.

Alilirudisha tofali, akalikandika haraka. Mirta aliporudi, mikono kiunoni, alimkuta anafuta jasho.

"Vipi, umeangalia?"

"Imeshuka kidogo," alisema Nibia.

Hakuwahi kumdanganya Mirta maishani, ukiacha mambo ya umri na uzito.

*

Chumba walichopanga kilikuwa nyuma ya nyumba ya Bibi Coca, na ukuta wake ulikuwa na ramani ya kijani ya kuvu iliyokuwa ikipanuka kila mwaka. Jioni hiyo Bibi Coca alikuwa ameshaingia, amekaa kwenye kiti kizuri, kile kimoja, anakunywa mate, ile chai chungu ya majani ya kwao, kutoka kwenye kibuyu chao bila kuulizwa kama anataka.

"Supu tena?" aliuliza akinusa. "Nimewaambia. Mvuke wa supu zenu ndio unaonifanyia ukuta hivi."

"Bibi Coca, huo ukuta unavuja kutoka kwenye paa," alisema Nibia.

"Umekuwa fundi siku hizi. Nimesikia." Alifyonza chai hiyo mpaka kibuyu kikalia. "Haya, fundi. Si mnapata nyumba Jumapili? Basi Jumatatu fundi wangu wa rangi anaingia. Kuna kijana na mkewe wameshanipa cha mkononi. Wao hawapiki supu."

Alipotoka, Rosina alicheka, na kicheko kikageuka kikohozi. Alikuwa binti yao wa pekee, mtu mzima, mshonaji, na kifua chake kilipiga filimbi kama birika tangu utotoni. Kipupwe kilichopita walimkimbiza hospitali mara mbili, na daktari alisema kwa maneno mepesi kwamba mtu huyu asilale tena ndani ya ukuta mbichi. Kila tofali ambalo Nibia alililaza Sisimizi, alililaza kwa ajili ya kifua hicho.

Dardo alikuwa mezani anamenya chungwa kwa kile kisu chake cha uchungaji, ganda moja refu lisilokatika.

"Dardo," alisema Nibia, "ukuta wa kusini wa nyumba ya saba hauna sufu."

"Hauna?"

"Hauna hata unyoya."

Ganda la chungwa lilikatika. "Panya," alisema Dardo.

"Panya wamebeba sufu ya ukuta mzima?"

"Panya wa huku unawajua wewe?"

"Wamebeba, wakaenda kushona na makoti?"

Rosina alicheka tena, akajishika kifua, na kitambaa alichokuwa anakishona kikateleza magotini kikaanguka chini. Nibia aliinama kukiokota. Kilikuwa pazia la njano, zuri, zito. Alilitandua. Akaendelea kulitandua. Lilikuwa refu kuliko meza.

Sasa, mtu aliyekaa na madirisha miaka mitatu hahitaji kipimo. Madirisha yote ya Sisimizi yalikuwa ya upana mmoja, isipokuwa moja. Nyumba ya kumi na mbili, ya kona, inayotazama kaskazini kwenye jua, ilitiwa vioo vilivyookolewa kwenye ofisi ya posta iliyobomolewa, na dirisha lake lilikuwa pana kama la duka.

"Rosina, mwanangu," alisema Nibia polepole. "Hili ni pazia la dirisha gani?"

Rosina hakumtazama mama. Alimtazama baba.

Nibia alikaa kwenye kiti alichokiacha Bibi Coca, kilikuwa bado kina moto. Ukuta mtupu ulikuwa umemuuma, lakini huo ulikuwa ukuta. Yale macho ya Rosina kwenda kwa baba yake yalimwingia mahali pengine. Ndani ya chumba kimoja chenye vitanda viwili, jiko na friji, watu wawili walikuwa wakinong'ona na wa tatu akiosha sufu.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu nyumba ya kumi na mbili ilipopata madirisha," alisema Dardo, na kwa kuwa mambo yalikuwa yameshamwagika, aliyamwaga yote, tena kwa majivuno kidogo. Sufu ya nyumba ya saba aliihamishia kwenye nyumba ya kumi na mbili, akaishindilia mara mbili. Mwenye kutunza mfuko wa mawe ni yeye. Jiwe lenye namba kumi na mbili litalala kwenye barafu mpaka dakika ya mwisho. Wazee ndio wanaoanza kuchota, na mzee kuliko wote Sisimizi ni yeye. Kwa joto la Desemba, jiwe baridi kati ya mawe ya moto hata kipofu atalijua kwa kidole.

"Na mimi mngeniambia lini?"

"Usingeambiwa. Ungefurahi tu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ungemwambia Mirta."

"Ndiyo. Ningemwambia."

"Umeona?" alisema Dardo, kama mtu aliyeshinda kesi.

Kisha akashusha sauti, akamwonyesha Rosina kwa kidevu. "Maisha yangu yote nimekata manyoya ya kondoo wa watu, Nibia. Wengine walivaa, mimi nilitetemeka. Mara moja tu nimejikatia yangu. Unataka mtoto apigwe na kipupwe kingine? Sema. Sema unataka, nilirudishe jiwe."

Hapo ndipo alipomshika pabaya, maana kifua cha Rosina hakikuwa uongo. Nibia alichukua sufuria akatoka nje kumenya viazi. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Dardo, kama wanaume wengi, alipoona kimya alikihesabu upande wake.

*

Jumamosi Mirta aliitisha mkutano chini ya bati la ukumbi. Hakuwa na desturi ya kuzungusha maneno.

"Nimegonga nyumba zote. Ukuta wa kusini wa nyumba ya saba ni mtupu. Nimefungua matofali mawili, nimeona kwa macho yangu." Alisema akitazama watu wote isipokuwa Nibia. "Sufu nyingine hatutapata mpaka kondoo wakatwe tena, yaani baada ya kipupwe. Kura hatuwezi kuahirisha, wengi wenu mmeshafukuzwa mnakopanga. Atakayeipata nyumba ya saba atapitisha kipupwe kimoja ndani ya friji. Sasa nataka kujua nani kaila hiyo sufu."

Watu waligeukiana. Kila mmoja alianza kujihesabia: moja kati ya thelathini, si kubwa, lakini huwezi kujua. Mama mmoja mjamzito alifanya ishara ya msalaba. Kisha Chola Techera, ambaye ulimi wake ulikuwa unaamka kabla yake, akasafisha koo.

"Mimi simtaji mtu," alisema. "Ila kuna mtu alipita kwangu na godoro jipya kwenye mkokoteni. Nene hivi. Mzee Eleuterio, salama?"

Eleuterio Fagúndez alikuwa mjane, mtu wa kubeba zege na kuondoka, asiyekaa kwenye mazungumzo. Binti zake wawili walikuwa wamesimama nyuma yake wamevaa mashati ya kufanana.

"Ni godoro tu," alisema.

"La nini ndani?"

Mzee alitazama kofia yake. "La kulalia."

"Tunajua la kulalia, baba, hatukudhani unalipanda kwenda mjini! Ndani lina nini?"

Hakujibu. Na kadiri alivyonyamaza ndivyo watu walivyozidi kujua, maana hakuna kitu kinachowaelimisha watu haraka kama mwenzao kukosa la kusema. Nibia aligeuka kumtafuta mumewe. Alimwona anainuka. Roho yake ikasema: sasa atasema. Ni mwizi, lakini hakukosa kabisa haya, sasa atasema.

"Jamani," alisema Dardo, kwa sauti nzuri, ya baba wa watu, "tusimvunjie mwenzetu heshima kwa maneno. Asiye na hatia haogopi mshono kufumuliwa. Liletwe hilo godoro."

Lililetwa. Vijana wawili walilitupa katikati ya sakafu ya zege. Dardo alichomoa kisu chake, akapiga goti, akalifumua kwa mkato mmoja mrefu, kama alivyokuwa akifumua kondoo, toka shingoni hadi mkiani.

Yalimwagika maganda ya mahindi. Makavu, yenye kelele, mengine yakiwa bado na nyuzi zake. Yalimwagika na kumwagika, na upepo ukayachukua machache ukayapeleka miguuni pa watu.

Mtu mmoja alicheka. Chola akamkanyaga, halafu yeye mwenyewe akacheka puani.

"Binti zangu niliwaambia ni la sufu," alisema Eleuterio. Hakuwa akimwambia mtu hasa. Mkubwa wa wale mabinti alikuwa akiyatazama yale maganda, uso umemwiva, kisha akamshika mdogo mkono wakatoka.

"Basi, yamekwisha," alisema Dardo, akikifuta kisu kwenye suruali. "Tumetoa wasiwasi. Twende ajenda inayofuata."

Nibia alikuwa ameshapiga magoti. Aliyakusanya maganda kwa viganja, akayarudisha ndani ya kitambaa, na Eleuterio akapiga magoti mbele yake, wakakusanya pamoja. Mikono ya mzee ilikuwa na saruji isiyotoka, kama ya Nibia.

"Usijichafue, mama," alimnong'oneza. "Wewe na mzee Dardo siku zote mmekuwa wema kwangu. Najua hakukusudia."

Nibia aliokota ganda jingine, akalitia ndani ya kitambaa.

Watu walipotawanyika, Mirta alimngoja kwenye nguzo.

"Uliniambia imeshuka kidogo."

"Nilikwambia."

"Ulitia mkono?"

"Mpaka kwapani."

Mirta aliegemea nguzo. "Dawati moja, Nibia," alisema. "Miaka sita. Nilikuwa nakupa nusu ya mkate wangu, na mara nyingine nusu kubwa."

"Niachie mpaka kesho."

"Kesho kuna nini?"

"Kesho niulize. Nitakwambia mbele ya watu wote. Leo niachie."

Mirta alitikisa kichwa, akaenda zake bila kumshika bega kama alivyozoea.

*

Dardo alikwenda kilabuni kwake kucheza mchezo wa kuviringisha tufe na kunywa kidogo, maana mtu akimaliza kazi ngumu hustahili. Nibia alibaki na friji.

Aliikuta nyuma ya mfuko wa njegere: kokoto moja imeviringishwa karatasi ya sukari na kufungwa uzi. Uzi ulikuwa wa njano. Aliutazama uzi huo kwa muda mrefu kuliko jiwe. Dardo hajui kufunga fundo la namna hiyo. Fundo hilo Nibia mwenyewe ndiye aliyemfundisha Rosina, alipokuwa mdogo, siku ya mvua.

Alifungua. Kumi na mbili, kwa rangi nyekundu, mwandiko wa Mirta.

Mfuko wa mawe mengine ulikuwa umetundikwa nyuma ya mlango. Ingekuwa rahisi: lirudi humo, lipate joto pamoja na wenzake, na kila mtu achote bahati yake. Hiyo ndiyo haki. Lakini haki hiyo ilikuwa na nyumba ya saba ndani yake. Kesho mtu atatoa saba. Atakuwa yule mama mjamzito. Au Eleuterio, maana bahati inamjua sana maskini, hainyimi kitu kibovu. Atalala na mabinti zake na godoro la maganda nyuma ya ukuta usio na kitu, na kipupwe kitamkuta anaamini kwamba ni kudra.

Nibia alirudisha kumi na mbili kwenye mfuko wa mlangoni. Akapekua mpaka akaipata saba. Ikumbukwe, hayo nayo ni kuchezea kura. Sheria ya Sisimizi haikusema chezea kama una sababu nzuri. Alilijua hilo. Alilifunga jiwe kwa karatasi ileile na uzi uleule, fundo lilelile, akalisukuma nyuma ya njegere.

Aliyekula nyama ya ukuta, akalale na mifupa yake. Na yeye Nibia atalala kando yake, kwa sababu ndivyo ndoa ilivyo.

"Mama."

Rosina alikuwa mlangoni, pazia begani, anapumua kwa ile filimbi yake.

"Unatafuta nini?"

"Njegere."

Rosina alitazama friji, akatazama mfuko nyuma ya mlango, ambao ulikuwa bado unayumba. Nibia hakuzunguka.

"Mwanangu, pindo la hilo pazia usilishone bado. Litahitaji kupunguzwa."

Nje Bibi Coca alikuwa akimpigia mtu simu akimweleza jinsi chumba kilivyo kikavu.

"Na kifua changu?" aliuliza Rosina. Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtoto.

"Ukuta ni matofali, na mimi najua kuyafungua. Nitafungua moja moja, nitatia magazeti, matambara, hiki kichwa nitakinyoa nitie nywele. Hutakohoa humo. Lakini hutalala ndani ya sufu ya mtu mwingine huku tumemfumua godoro lake." Alifunga mlango wa friji. "Kama unataka kumwambia baba yako, yuko kilabuni. Si mbali."

Rosina alikaa kitandani. Aliligeuza pazia, akatafuta pindo, akachukua mkasi mdogo, akaanza kufumua mshono alioushona jana. Hakutoka.

*

Jumapili jua lilichoma. Nyama zilikuwa motoni tangu asubuhi, watoto walikuwa wamelowa wote kwa kumwagiana maji, na hata Bibi Coca alikuja na kofia ya harusi kuhakikisha kwamba wapangaji wake wanapata pa kwenda. Nyumba thelathini zilikuwa zimesimama zimepakwa chokaa, zinang'aa mpaka macho yanauma, na kwa wakati mmoja, kabla ya mambo kuanza, Nibia alizitazama zote akaona kila moja mahali alipoweka mkono wake.

Dardo alikuwa amevaa shati jeupe. Aliyamwaga mawe mezani, akayahesabu kwa sauti akiyarudisha kwenye mfuko moja moja, haraka, kama mcheza karata, bila kusoma namba. La mwisho lilitoka kwenye kiganja chake, na kiganja kilitoka mfukoni mwa suruali, ambako jiwe lilikuwa limekaa na barafu ndani ya nailoni na yeye amelifungua karatasi kwa vidole bila kulitazama, lakini watu walikuwa wanatazama nyama.

"Thelathini! Wazee kwanza, au siyo?"

"Wazee kwanza!" watu waliitikia.

"Unachota, unainua juu, mimi ndiye ninayesoma," alisema Mirta, akasogea karibu na daftari lake.

"Sitaki mtu aje aseme mzee Dardo alichungulia," alisema Dardo. Alivua kofia, akaibana kwapani. Akafumba macho, akauinua uso mbinguni kama mtakatifu wa kwenye kalenda, akauzamisha mkono ndani ya mfuko wa mawe. Vidole vilizunguka kidogo tu. Vikakaa. Tabasamu likaanza upande mmoja wa mdomo, akalizuia.

Mkono ukatoka, ukapanda juu. Macho bado kayafumba, na chozi halisi lilikuwa limeshamtoka.

"Kumi na mbili!" alipaza sauti. "Jamani, kumi na mbili! Mungu hamtupi mja wake! Rosina, mwanangu, kumi na mbili!"

Hakuna aliyepiga makofi. Mafuta ya nyama yalidondoka motoni yakalia chwaa.

"Ni saba," alisema Mirta.

"Soma vizuri."

"Nimesoma vizuri, mimi ndiye niliyeiandika. Ni saba, Dardo. Fumbua macho."

Alifumbua moja, kisha la pili. Akaligeuza jiwe, akaligeuza tena, kama labda namba nyingine ipo nyuma.

"Baba wee," alisema Chola Techera, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. "Hiyo kumi na mbili uliionea wapi, na macho umeyafumba?"

"Nilikisia tu. Mtu hawezi kukisia? Nilikuwa na furaha."

Mirta alimnyang'anya jiwe. Alishtuka, akalihamishia mkono wa pili, kisha akampa Eleuterio aliyekuwa karibu. Eleuterio alilishika, akalitazama, akampa jirani yake. Likapita hivyo, mkono kwa mkono, na kila aliyelipokea alilishika muda kidogo kisha akamtazama Dardo. Lilipofika kwa Nibia hakulipitisha. Alikaa nalo kifuani, akasogea mbele mpaka akasimama kando ya Mirta, na hapo akabaki.

"Niulize sasa," alimwambia.

"Nitakuuliza. Naanza na huyu." Mirta alimgeukia Dardo. "Jiwe limetoka kwenye mfuko uliokuwa juani. Mbona lina baridi?"

Dardo alimtazama mkewe. Kisha akamtazama binti yake, na Rosina alikuwa anatazama chini.

"Ni jasho," alisema. "Ni mikono yangu hii. Mimi tangu ujana hutoka jasho la baridi, ukiniuliza wakata manyoya wote watakwambia, mikono yangu ni barafu, hata Nibia anajua, ni barafu…"

Mirta aliunyakua mkono wake, akaubana katikati ya viganja vyake viwili, mbele ya watu wote, akautuliza hapo.

"Una moto," alisema, "kama mkate uliotoka sasa hivi tanurini."